Ngome ya Mehrangarh na Maswali Yasiyoulizwa

Kila muhula shule zetu nyingi hupakia wanafunzi katika basi na kuwapeleka kutazama mahali pa kale. Wanafika, wanapangwa mstari, wanasomewa miaka na majina, nao huyaandika mbiombio kwa kuwa wanajua huenda yakatokea mtihanini. Kisha hula mkate na kunywa soda kivulini, wakarudi makwao wakiimba. Ukimwuliza mmoja wao baada ya mwezi aliona nini, atakuambia kwamba kuta zilikuwa nene sana. Waama, zilikuwa nene. Lakini nani alizijenga, nani alilipwa na nani hakulipwa, nani aliruhusiwa kuingia kwa lango kuu na nani alikatazwa, hayo hakuulizwa wala yeye hakuyauliza.

Jambo hili limenikaa moyoni tangu nilipozuru Bara Hindi na kupata fursa ya kuipanda ngome ya Mehrangarh, katika mji wa Jodhpur, jimbo la Rajasthan. Naleta habari zake hapa kwa walimu na wanafunzi, maana ngome ile imehifadhiwa kwa ustadi mkubwa, ina makumbusho yanayostahili sifa zote yanazopewa, na hata hivyo mtu anaweza kuizunguka kutwa nzima akatoka bila kuisikia ikisema neno.

Jodhpur umekaa pembeni mwa jangwa la Thar. Katikati yake pameinuka mwamba mkavu wenye kimo cha takriban mita 120 kutoka mjini, na juu ya mwamba huo ndipo ilipo ngome. Ukiwa chini huwezi kutambua kwa urahisi ni wapi mlima unapokoma na ni wapi ukuta unapoanza, kwa maana jiwe ni la rangi moja na waashi waliufuata mwamba ulivyojipinda. Msingi wake uliwekwa mwaka wa 1459 na Rao Jodha, mtawala wa ukoo wa Rathore, ambaye ndiye aliyeupa mji jina lake. Makao ya wazee wake yalikuwa Mandore, kiasi cha kilomita tisa upande wa kaskazini, lakini aliona kwamba Mandore ni vigumu kuilinda. Mwamba huu mpya ulikuwa na sifa zote za kijeshi. Ulipungukiwa na kitu kimoja tu, nacho ni maji.

Nitarudi kwenye maji. Kwanza niseme machache juu ya malango, kwa ajili ya wale wanafunzi wanaodhani kwamba historia haina uhusiano na hisabati wala fizikia. Ili kuifikia kasri iliyo kileleni, mtu hupanda njia yenye mwinuko mkali inayopita malango kadhaa. Jai Pol, ambalo ndilo lango la kuingilia, lilijengwa na Maharaja Man Singh mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya kuyashinda majeshi ya Jaipur na Bikaner. Fateh Pol ni kumbukumbu ya ushindi dhidi ya Wamughal mwaka wa 1707. Kwenye lango jingine pangalipo makovu ya risasi za mizinga ya Jaipur, nayo hayajazibwa hata leo. La mwisho ni Loha Pol, yaani Lango la Chuma, na hapa ndipo ninapowataka walimu wa fizikia wasimame. Njia inayolielekea Loha Pol hupinda ghafla kabisa. Katika zama zile silaha kubwa ya kuvunjia malango ilikuwa tembo, na tembo huhitaji nafasi ya kukimbia ili apate kani ya kutosha. Mjenzi alimnyima nafasi hiyo. Tembo aliyefika pale alikuwa hana budi kugeuka, na akishageuka mwendo wake umekwisha. Mbele yake kuna mbao nene zilizojaa misumari mirefu iliyochongoka, ikiwa imepigiliwa pale pale paji lake la uso lilipo. Sikumbuki mfano mwingine unaoeleza vizuri zaidi uhusiano wa uzito, mwendo na umbali, wala sioni kwa nini mfano huo uwe mali ya mwalimu wa historia peke yake.

Sasa turejee kwenye maji. Simulizi ya wenyeji inasema kwamba juu ya mwamba ule aliishi mtawa mmoja, mzee aliyependa ndege, na kwamba Rao Jodha alipomfukuza ili ajenge, mzee yule aliulaani mji kwa ukame. Ili kuiondoa laana hiyo ilibidi mtu azikwe hai ndani ya msingi. Mtu huyo alipatikana. Jina lake lilikuwa Raja Ram Meghwal, na simulizi inasisitiza kwamba alijitoa kwa hiari yake mwenyewe. Mtawala naye akaahidi kuwatunza jamaa zake vizazi na vizazi, akawapa ardhi. Ndani ya ngome pana jiwe la kumbukumbu lenye jina lake.

Wageni wengi hulipita jiwe hilo upesi kwa kuwa mbele yao kuna dhahabu. Ningependa mwanafunzi wa Kenya asilipite. Wameghwal ni miongoni mwa jamii zilizowekwa chini kabisa katika mfumo wa matabaka ya Kihindi, watu ambao kwa karne nyingi walikatazwa visima na mahekalu ya wenzao. Basi neno “hiari” lina maana gani mdomoni mwa mtu kama huyo, akisimama mbele ya mfalme mwenye jeshi? Je, angeweza kukataa? Na angekataa, watoto wake wangelala wapi usiku ule? Sidai kwamba ninayo majibu. Huenda kweli alijitoa, kwa imani ambayo mimi na wewe, msomaji, hatuna uwezo wa kuipima. Huenda pia simulizi ya hiari iliundwa baadaye na wale waliohitaji kulala usingizi juu ya msingi ule. Ninalolijua ni kwamba swali hilo, likiulizwa katika darasa la vijana wa miaka 16, litazaa mjadala mrefu kuliko orodha yote ya wafalme wa Rathore. Na wahifadhi wa ngome wanastahili sifa kwa kuwa hawakulificha jina la mtu huyo, ingawa wanalisimulia kwa namna inayompendeza zaidi mwajiri kuliko mwajiriwa.

Pale Loha Pol, kando ya lango lenyewe, kuna jambo jingine linalomkata mtu maneno. Ukutani zimechorwa alama za viganja vya mikono, ndogo, zimepangwa safu, na waumini huzipaka rangi nyekundu na kuzipamba kwa karatasi laini za fedha. Hizo ni alama za wake wa Maharaja Man Singh, aliyefariki mwaka wa 1843. Walipita lango hilo wakiifuata maiti ya mume wao, wakaenda kuchomwa nayo wakiwa hai, kwa mujibu wa mila iliyoitwa sati. Udogo wa viganja vile ndio unaotisha. Mtu hahitaji kuelezwa lolote; hutazama mkono wake mwenyewe, halafu hutazama ukuta.

Kuna watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kale na kwamba si adabu kwa mgeni kuyahukumu. Nakubali kwamba mgeni ana mipaka yake. Lakini katika jimbo hilo hilo la Rajasthan, kwenye kijiji cha Deorala, mwaka wa 1987, msichana wa miaka 18 aitwaye Roop Kanwar alikufa katika moto wa maiti ya mumewe mbele ya umati wa watu. Wapo waliomshangilia na kumtukuza kama mungu. Wapo Wahindi, wanawake kwa wanaume, walioandamana barabarani kwa hasira na kudai haki. Serikali ya India ilipitisha sheria mwaka huo huo iliyopiga marufuku kitendo chenyewe na hata kukitukuza. Kwa hiyo wanaouliza iwapo viganja vile vistahili kupambwa ama kuhuzunikiwa tu ni Wahindi wenyewe, na mgeni anayesikiliza mabishano yao hafanyi ufidhuli wowote. Mwalimu anayewaharakisha wanafunzi wake kupita hapo ili wakaone kiti cha enzi anawanyima somo kubwa kuliko yote yaliyomo.

Ndani ya kasri mambo ni ya fahari tupu, na sitayachambua yote. Pana machela za kubebea malkia na watoto wa kifalme, mojawapo ikiwa imepakwa dhahabu na kutekwa vitani Gujarat mwaka wa 1730. Pana viti vya kuwekwa juu ya tembo, kimojawapo cha fedha, zawadi ya Shah Jahan kwa Maharaja Jaswant Singh. Shah Jahan ndiye yule aliyejenga Taj Mahal. Pana panga, ngao, vilemba, bembea za watoto, na picha ndogo ndogo zilizochorwa kwa subira isiyo ya kawaida. Ukumbi uitwao Moti Mahal una kuta zinazong'aa kama lulu kwa sababu chokaa yake ilichanganywa na makombe ya bahari yaliyosagwa. Mtu wa pwani yetu, aliyezoea chokaa ya matumbawe, atapapasa ukuta ule na kujiona yuko kwao, ingawa bahari iko mbali mno. Juu ya ukumbi huo huo mna vijidirisha ambavyo, inasemekana, malkia walijificha nyuma yake kusikiliza mashauri ya baraza. Utawala ulikuwa wa wanaume. Masikio hayakuwa ya wanaume peke yao.

Swali linalonishughulisha zaidi ni hili: mali yote hii ni ya nani? Ufalme wa Jodhpur uliingizwa katika jimbo jipya la Rajasthan mwaka wa 1949. Mwaka wa 1971 Bunge la India lilibadilisha Katiba, likayafuta malipo na vyeo ambavyo serikali ilikuwa ikiwapa wafalme wa zamani. Mwaka uliofuata, 1972, mrithi wa ukoo ule, Gaj Singh wa Pili, aliikabidhi ngome kwa wakfu maalumu, na makumbusho yakaanzishwa. Ngome iliyokuwa imeachwa kwa popo na vumbi ikaanza kujilipia gharama zake kwa ada za wageni. Leo ina mafundi, wasomi, maktaba ya nyaraka, na hata lifti kwa wasioweza kupanda. Ni kazi ya kuigwa. Lakini tuangalie pia upande wa pili. Makumbusho yanayosimamiwa na ukoo wa kifalme huelekea kueleza historia kwa sauti ya ukoo huo. Vivyo hivyo, makumbusho yanayosimamiwa na serikali huwa na sauti ya serikali. Hakuna sauti isiyo na mwenyewe, na mwanafunzi aliyefunzwa vyema huuliza mapema ni nani anayezungumza.

Tena isidhaniwe kwamba mawe ya kale hayana hatari kwa walio hai. Ndani ya ngome hiyo mna hekalu la Chamunda Devi, na tarehe 30 Septemba 2008, siku ya kwanza ya sikukuu ya Navratri, maelfu ya waumini walipanda alfajiri kwenda kusali. Njia ilikuwa nyembamba na yenye mteremko. Mkanyagano uliozuka uliua watu zaidi ya 200, wengi wao wakiwa vijana wa kiume, kwa vile foleni za wanaume na wanawake zilikuwa zimetenganishwa. Tume ya uchunguzi iliundwa chini ya Jaji Jasraj Chopra, ikakabidhi ripoti yake mwaka wa 2011, na kwa miaka mingi baadaye jamaa za marehemu walikuwa wangali wanadai ripoti hiyo iwekwe hadharani. Njia iliyobuniwa kumzuia tembo ndiyo iliyowazuia na waumini kukimbia. Hili nalo ni la kukumbukwa na kila mwalimu mkuu anayeandika barua ya kuomba kuleta wanafunzi 300 kwa siku moja katika jengo la kale.

Na sasa nifikie jambo ambalo sikulitarajia, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Chini ya kuta za Mehrangarh, upande wa kaskazini, kuna eneo la miamba lenye ukubwa wa kiasi cha hekta 70. Mwamba huo ulitokana na volkano zilizozimika zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita, na huko nyuma ulikuwa na mimea yake ya jangwani, midogo, mikaidi, inayojua kuishi kwa umande. Lakini katika miaka ya 1930 ilipandwa huko mbegu ya mti wa kigeni kutoka Amerika, kwa nia njema ya kulifanya jangwa liwe kijani. Yasimuliwa kwamba mbegu zilimwagwa kutoka kwenye ndege kwa amri ya Maharaja wa wakati huo. Mti ukashika, ukaenea, ukaua kila kitu. Wenyeji wanauita baavlia. Jina lake la kitaalamu ni Prosopis juliflora.

Msomaji wa Baringo, Turkana, Garissa au Tana River ameshautambua. Ni mathenge! Ni mti ule ule ulioletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa nia njema ile ile ya kuzuia jangwa na kupata kuni, ukafunga njia za mifugo, ukanyemelea malisho na mashamba, na kuchoma miguu ya watoto kwa miiba yake. Mbuzi waliokula maganda yake matamu waling'oka meno. Wengi wanakumbuka kwamba mwaka wa 2006 wakaazi wa Baringo waliishtaki serikali wakaenda hadi mahakamani Nairobi na mbuzi kibogoyo awe kielelezo. Watu walicheka. Ilikuwa haki yao kucheka, lakini shauri lenyewe halikuwa la mzaha.

Huko Jodhpur wakfu wa ngome uliamua mwaka wa 2006 kuung'oa mti huo. Ukiukata, huchipuka. Ukiuchoma, huchipuka. Mizizi yake huingia ndani ya nyufa za mwamba, na hakuna dawa waliyoiamini. Hatimaye waliowaokoa ni Wakhandwaliya, jamii ya wachimba mawe ambao baba zao na babu zao waliishi kwa kupasua miamba ya Jodhpur. Hao walikuja na nyundo na tindo. Wanaugonga mwamba na kuusikiliza. Kwa mlio wake hutambua ulikopasuka na unakoelekea mzizi, kisha wanachimba shimo hadi wanalikuta shina la mzizi na kulitoa zima. Shimo moja baada ya jingine, mwaka baada ya mwaka. Katika mashimo hayo hayo ndimo mimea ya asili ilipandwa, na mwaka wa 2011 bustani ikafunguliwa kwa wageni ikiwa na jina la Rao Jodha. Mtaalamu wa mimea aliyeiongoza kazi hiyo, Pradip Krishen, ameeleza mara nyingi kwamba bila ujuzi wa wachimba mawe wale mpango usingefaulu.

Naona ajabu kwamba bustani hiyo ina jina la mfalme na haina jina la wachimba mawe. Hata hivyo, ndiyo sehemu ya Mehrangarh ambayo ningempeleka mwanafunzi wa Kenya kwanza ningekuwa na uwezo. Kasri linatuonyesha mali ya watu wengine. Bustani inatuonyesha ugonjwa wetu wenyewe na namna mmoja ya kuutibu: polepole, kwa mikono, kwa elimu ya watu ambao hawakuwahi kuitwa wasomi. Wizara na vyuo vyetu vimeandika mengi juu ya mathenge. Vimejaribu kuuchoma makaa, kusaga maganda yake yawe chakula cha mifugo, na kadhalika, na baadhi ya juhudi hizo zina manufaa. Lakini ni mara ngapi tumemwuliza mchimba visima wa Marigat au mkata mawe wa Turkana anajua nini kuhusu ardhi anayoigonga kila siku?

Wengi wa wanafunzi wetu hawataiona Jodhpur, na si lazima waione. Tunayo ngome yetu, Fort Jesus pale Mombasa, ambayo nayo ina nasaba ya Bara Hindi: ilijengwa na Wareno kati ya mwaka wa 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mwitalia Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa mjenzi mkuu wa Wareno kule Goa. Tarehe hizo kila mwanafunzi anazo daftarini. Asiloandika ni nani aliyeukata mwamba wa matumbawe chini ya jua la Mombasa, nani aliyebeba maji ya kuchanganyia chokaa, na walipewa nini. Yawezekana Raja Ram wetu yumo humo na hana hata jiwe la kumtaja. Vilevile ngome hiyo ilikuwa gereza tangu mwaka wa 1895 hadi 1958, kabla ya kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 1960. Miaka 63 ya gereza hupewa sentensi moja katika ziara nyingi nilizozishuhudia, ilhali kuzingirwa kwa mwaka wa 1696 hadi 1698 hupewa saa nzima.

Ajabu ni kwamba kuzingirwa hakuna shahidi aliye hai, lakini gereza lingali nao. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 mwaka wa 1958, aliyepeleka chakula kwa babaye au aliyepita chini ya kuta zile akisikia sauti za wafungwa, sasa amepita miaka 80. Wazee kama hao wako Old Town, wako Majengo, wako Kisauni. Hawamo katika kitabu cha kiada, na mtaala wa umilisi, unaosema kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutafiti mwenyewe, umempa mwalimu kila ruhusa ya kuwaendea. Mwalimu anayepanga ziara ya Mombasa muhula ujao na amtafute mmoja wao kwanza, kisha ndipo alipie basi.